Presha kuka iliniunguza, sasa mwenye duka anataka nimrudishie

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi za nazi barazani kwangu. Mwaka jana wifi yangu anayekaa Muheza alikuja kunitembelea, akaniona navyohangaika na mkaa, mbaazi zinakaa motoni tangu usiku, akanihurumia. Alikwenda Ngamiani kwenye duka moja la vyombo, akaninunulia presha kuka ya lita saba kwa shilingi 85,000. Nilifurahi mpaka nikalia.

Wiki saba zilizopita, alfajiri, nilibandika mbaazi kama kawaida. Zilipoiva nilizima gesi, nikaenda kusali, nikarudi. Kile kipuli cha juu kilikuwa kimenyamaza, hakuna mvuke. Nilishika mpini nikauzungusha, ukaja wenyewe, haukukaza hata kidogo. Sijainua bado, mfuniko ukaruka ukapiga bati. Maji na mbaazi vikanimwagikia kifuani na mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni anasubiri chai, yakamfika mguuni. Jirani alinipaka dawa ya meno, wakanikimbiza Bombo, nikalazwa siku kumi na moja. Mtoto amepona, kimebaki kovu. Mimi mkono haujanyooka sawasawa mpaka leo, na kukanda unga siwezi.

Mume wangu alikwenda dukani. Mwenye duka tunafahamiana naye, wanasali msikiti mmoja. Akamwambia, "Mkeo hakununua kwangu, na risiti huna." Akamwonyesha na karatasi iliyobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Baada ya wiki mbili akabadilika. Alikuja nyumbani na mzee mmoja wa mtaa, akasema atanipa shilingi 200,000 na presha kuka mpya, ila nimrudishie ile ya zamani na tuandikishiane kwa mtendaji kwamba sina madai tena. Anataka jibu Ijumaa hii.

Mama mkwe anasema nililazimisha mfuniko. Sikulazimisha, Shangazi, lakini nikwambie kweli: siku ile niliijaza kuliko kawaida, kulikuwa na oda ya hitima. Karatasi ya maelekezo ilikuja kwa Kichina kitupu. Na kuna jambo jingine. Kijana anayeuza pale dukani alimnong'oneza mume wangu kuwa wapo wateja wawili waliokwisha kulalamikia mfuniko huohuo.

Mpwa wangu aliye chuo ananionyesha video za Marekani, watu wanalipwa mamilioni ya dola. Mume wangu anasema ile ni kudra, tusivunje ujirani. Mimi nimekaa katikati. Nifanye nini?

Mama wa Makorora

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole na mkono, pole na mtoto, na pole kwa kuambiwa umejiunguza mwenyewe wakati kidonda bado kibichi.

Umeniandikia mengi, lakini hukuniambia hiyo presha kuka iko wapi sasa hivi. Naomba Mungu iwe bado ipo. Kama ipo, usimrudishie mwenye duka, wala asiichukue "akaitazame" halafu airudishe. Usiioshe. Ganda la mbaazi lililokaukia kwenye tundu la mvuke liache palepale. Kama kuna kipini kilichopinda, kisinyooshwe. Ipige picha pande zote, chini, juu na ndani ya mfuniko, kisha ifunge kwenye mfuko pamoja na mfuniko wake, mpira wake, ile karatasi ya Kichina na boksi kama hujalitupa. Mpe mtu mzima unayemwamini akuwekee. Wewe na mama mkwe wako mnaweza kubishana mpaka Idi, lakini chombo chenyewe hakina upande. Kikienda kikapotea, linabaki neno lako na lake.

Tena, mtu akitoa chombo kipya na laki mbili juu yake ili apewe kibovu, kuna kitu kwenye kile kibovu anachokitaka.

Nikueleze ninavyoielewa ajali yako, maana hapa ndipo dai lako lilipo. Ndani ya presha kuka mvuke umebanwa, na maji yanafika mpaka karibu nyuzi 120 bila kutoka. Mfuniko ukifunguka ghafla, maji yale yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha kila kilichomo. Kwa hiyo mtengenezaji makini haweki kinga moja. Anaweka kipuli cha kupunguza mvuke, anaweka vali ya dharura, na anaweka kifungio: kipini kinachoinuka mvuke ukiwa ndani na kuzuia mfuniko usizunguke. Wewe uliona kipuli kimenyamaza ukadhani mvuke umekwisha. Lakini mbaazi zina maganda, na ganda moja likiziba tundu, kipuli kinanyamaza huku mvuke wote bado umo. Ndiyo sababu kikawekwa kifungio. Siku ile mvuke ulikuwamo, tena wa kurusha mfuniko mpaka kwenye bati, na mpini ukazunguka "wenyewe". Kwa nini haukukataa? Swali hilo lijibiwe na aliyeitengeneza na aliyeiingiza nchini, kisha fundi mwenye ujuzi aliyekitazama kifungio aseme neno lake.

Kuhusu kujaza sana, ahsante kwa kuniambia kweli, na mwambie wakili vilevile, maneno yaleyale. Ni kosa la kweli: vyakula vya jamii ya kunde havitakiwi kuzidi nusu ya chombo, kwa sababu vinatoa povu na maganda. Lakini kosa lako halifuti kosa la mwingine. Sheria yetu inairuhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wa mwathirika, na hailazimiki kumfukuza mikono mitupu. Halafu ungejuaje kuhusu hiyo nusu? Chombo cha hatari kikiuzwa bila tahadhari ambayo mtumiaji anaweza kuisoma, huo peke yake ni ubovu, hata kama kila skrubu imekaa sawa. Watu wakisikia bidhaa mbovu hufikiria kilichovunjika tu. Kuna kilichobuniwa vibaya tangu mwanzo, kuna kilichoharibika kiwandani, na kuna kilicho kizima ila hukuambiwa namna ya kukitumia usidhurike. Chako kinaweza kuwa na zaidi ya moja.

Sasa neno la mwenye duka, "mkeo hakununua kwangu." Limewanyamazisha wengi, na ni la zamani. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley kule Uskochi, mwanamke aitwaye May Donoghue aliingia mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyeagiza na kulipa. Bi Donoghue aliletewa soda ya tangawizi kwenye chupa nyeusi isiyoonyesha ndani. Alikwisha kunywa kiasi, rafiki alipommiminia iliyobaki, kikatoka alichosema ni konokono aliyeoza. Akaugua tumbo. Alipotaka kudai akaambiwa hilohilo: hukununua wewe, huna mkataba na mtu. Kesi ilipanda mpaka Baraza la Malorodi la Uingereza, mahakama ya juu kabisa wakati ule, na mwaka 1932, kwa kura tatu dhidi ya mbili, ikaamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hajawahi kumuuzia kitu. Lord Atkin, mmoja wa majaji wale, alilijenga hilo juu ya amri ya kumpenda jirani, akasema kisheria jirani yako ni yule ambaye ulipaswa kumfikiria kwamba kitendo chako kinaweza kumdhuru.

Mume wako anasema msivunje ujirani. Msomee hapo.

Mahakama zetu zinafuata kanuni hiyo katika madai ya uzembe. Kwa hiyo mna njia mbili, na msizichanganye. Wifi yako ndiye mwenye mkataba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka ndani ya mauzo sharti kwamba kitu kifae kwa kazi yake, na muuzaji hajiokoi kwa kusema hakujua ubovu. Lakini njia hiyo kwa sehemu kubwa itamrudishia wifi hasara yake yeye, yaani ile 85,000. Majeraha ni yako na ya binti yako, na ninyi mnadai kwa njia ya uzembe, ambako ni lazima muonyeshe kwamba mtu alikosa uangalifu uliomstahili. Ni kazi ngumu zaidi, lakini si ya kukata tamaa.

Risiti msihangaike nayo kupita kiasi. Muulize wifi alilipaje. Kama alilipa kwa simu, ule ujumbe wa malipo una tarehe, kiasi na jina la biashara, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Aupige picha leo, kabla simu haijaanguka kisimani. Kama alilipa taslimu, yeye mwenyewe ni shahidi wa alichonunua. Tena mfanyabiashara ndiye mwenye wajibu wa kutoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hiyo kutokuwapo kwake kusigeuzwe kosa la mteja. Na ile karatasi ya ukutani isikutishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji kwa masharti ambayo muuzaji hawezi kuyafuta kwa kubandika tangazo, na Tume ya Ushindani imekuwa ikiyakemea maandishi hayo hadharani.

Umdai nani? Kiwanda kiko ng'ambo, kukifikia ni safari. Tafuta jina la aliyeingiza mzigo nchini: tazama stika kwenye boksi au chini ya chombo. Kama halipo, mwandikie mwenye duka barua umuulize alinunua wapi, ubaki na nakala. Hata kama jina la kampuni lililopigwa chapa pale ni bandia, aliyeingiza na aliyeuza ni watu wa kweli wenye anwani. Na mwenye duka mwenyewe hatoki hivihivi, kwa sababu ya yule kijana. Kama wateja wawili walikwisha kulalamikia mfuniko na bado zikaendelea kuuzwa, basi hatari aliijua akanyamaza. Mume wako aandike leo maneno ya kijana kama alivyoyasikia, siku gani, wamesimama wapi. Msimtaje mtaani, mtamponza kazini. Mwambieni wakili peke yake.

Hizo video za mpwa wako ni za nchi nyingine. California, tangu uamuzi wa mwaka 1963 katika kesi ya Greenman dhidi ya Yuba Power Products, mtengenezaji wa bidhaa mbovu huwajibika hata bila mwathirika kuthibitisha uzembe, na majimbo mengine mengi yakafuata. Huko pia baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida, ndilo hukadiria fidia. Kwetu hakimu ndiye anayekadiria, na hatoi cha kumfurahisha mtu. Maumivu, kovu na mkono usionyooka ataviweka kwenye fidia ya jumla, kwa busara yake. Lakini fedha ulizotoa ni fidia mahsusi, na hapo Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992: zitajwe bayana, zithibitishwe. Dawa, bandeji, bajaji ya kwenda kliniki, yule binti uliyemlipa akufulie, kila kimoja na karatasi yake. Kama una daftari la mauzo ya mahamri, hata lile lenye madoa ya mafuta, lilinde kama hati ya nyumba. Ndilo litakaloonyesha ulikuwa unapata nini kwa siku. Bombo omba taarifa ya daktari inayoeleza kina cha kuungua na hali ya mkono, na picha za kidonda ziwe na tarehe.

Muda nao unakwenda. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu siku ya tukio, ya mkataba miaka sita. Mtoto anahesabiwa tofauti, sheria inamsubiri atoke utotoni, na akidai sasa anadai kupitia mtu mzima. Lakini usisubiri. Ushahidi unachakaa haraka kuliko sheria.

Anza na wakili au shirika la msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe asiye na ada ya wakili, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa Tanga. Wataandika kwanza barua ya madai. Ikishindikana, pa kuanzia ni Mahakama ya Wilaya, si ya Mwanzo, na hata huko mtapelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Kandokando ya hayo, toa taarifa TBS, yaani Shirika la Viwango, na Tume ya Ushindani. Barua mbili tu, na picha. Hilo fanya hata kama fidia utaiacha, kwa sababu presha kuka kama yako huenda iko dukani hivi sasa, na kuna mama mwingine anahesabu 85,000 zake.

Jambo moja nje ya sheria. Dawa ya meno haipakwi kwenye kuungua, wala yai, wala mafuta ya taa. Ni maji safi ya kawaida, yatiririke juu ya kidonda dakika ishirini, halafu hospitali. Mweleze jirani yako kwa upole, alikusudia wema.

Nimebaki na mume wako. Simlaumu. Kuonana na mtu kila Ijumaa safu moja na huku mna kesi si jambo jepesi, na kudra nasi tunaiamini. Lakini mwenye duka mwenyewe ameleta mzee na ameleta fedha, kwa hiyo mazungumzo ameyafungua yeye. Suluhu si mbaya. Ubaya uko kwenye hiyo karatasi ya kwa mtendaji: ukitia saini kwamba huna madai tena, mkono ukihitaji upasuaji mwakani utajilipia mwenyewe, na karatasi hiyohiyo utaonyeshwa kila utakapofungua mdomo. Tena ukute imeandikwa "familia", na mtoto kaingizwa humo. Suluhu yenye haki itahesabu matibabu ya jana na ya kesho, siku ulizokosa kazi, na mtoto kwa nafasi yake. Itaandikwa na mtu anayejua, utaisoma nyumbani kwanza, na presha kuka haitakuwa sehemu ya malipo.

Ijumaa baada ya sala mume wako amsalimie vizuri, amshike mkono, amwambie hivi: "Ndugu yangu, tumekusikia na tunakushukuru kwa kuja. Mke wangu bado anatibiwa, hatujajua gharama zitaishia wapi. Chombo tumekihifadhi, hatukitoi. Tutakuletea barua, na wewe tuletee jina la aliyekuuzia."

Asiongeze neno. Na ukishapata taarifa ya daktari, niandikie tena.